Safari ya siku moja Kyaka mpaka Mutukula na mzee wa mgambo, mrejesho wangu

Nilisema nikirudi ntaandika basi naandika, mnisamehe itakuwa ndefu maana siku yenyewe ilikuwa ndefu na kichwa bado kimejaa.

Kwanza mjue ni huduma gani. Pale Bukoba kuna mzee mmoja anatembeza watu kwenye maeneo ya Vita vya Kagera, ile ya Tanzania na Idi Amin wa Uganda 1978 na 1979, mnatoka mjini asubuhi mnaenda Kyaka, mnapanda kwenye magofu ya kanisa, mnashuka mtoni darajani, mnakula, afu mnaendelea mpaka Mutukula mpakani na jioni mnarudi. Hana ofisi, ni yeye na kijana wake anaendesha na Noah moja ya zamani kidogo. Jina lake siweki kwa sababu sikumuomba ruhusa, ukifika mjini ukiulizia mzee wa mgambo anayetembeza wageni utapelekwa. Mimi nililipa elfu hamsini, usafiri na chakula cha mchana ndani.

Kilichonipeleka ni baba yangu mkubwa. Mwaka 1978 alikuwa utingo wa lori la mizigo Shinyanga, lori likachukuliwa na serikali kwenda kubeba wanajeshi, dereva akaenda na lori lake na utingo naye akaenda, wala hakupata nafasi ya kurudi nyumbani kuaga. Alirudi katikati ya 1979 amekonda, na mpaka anafariki mwaka juzi hakuwahi kutusimulia zaidi ya sentensi mbili tatu, alikuwa anasema tu "tulibeba watu" basi anaangalia pembeni. Sisi shuleni tulifundishwa Amin alivamia, Mwalimu Nyerere akahutubia, jeshi likaenda, Amin akakimbia. Sasa mimi siku zote nilikuwa nataka hiyo ya katikati, kutoka kwenye hotuba mpaka kwenye vita, watu walikusanywaje, bunduki walipewa na nani, nani alipika, nani alibeba. Ndo maana nimeridhika na huyu mzee, kwa sababu yeye hiyo ya katikati ndo anayoijua.

Tulikuwa sita. Mwalimu wa sekondari, nesi, mfanyabiashara wa mahindi na mdogo wake, mama mmoja wa Uganda kutoka Masaka aliyekuwa amekuja Bukoba kwa ndugu zake, na mimi. Tulivofika Kyaka nilitegemea ataanza na tarehe kama walivyo wengi, yeye akatupanga mstari pale chini ya kilima kama makuruta, akaanza kupita mmoja mmoja anauliza kazi yako nini. Mwalimu akaambiwa wewe utaandika majina ya wanaojiandikisha na usikosee ukoo wa mtu hata mmoja, maana akifa barua itaenda kwa nani. Nesi akaambiwa wewe hata hatukuulizi, panda gari. Wa mahindi akaambiwa gunia zako tunazichukua leo. Akafika kwangu, nikasema nauza spea za magari, mzee akacheka akanishika bega akasema wewe ndo tunakutafuta kuliko mwenye bunduki, kwa sababu lori likifia njiani Biharamulo kwa kukosa feni belti kuna watu mbele wanalala njaa. Jamani mi nilisimama pale nikamuona baba mkubwa. Miaka yote nilidhani alikuwa mtu mdogo kwenye ile vita.

Afu sasa ndo akaanza kueleza, na hapa anajua kupangilia. Anaanza nyuma kabisa, tarehe 25 Januari 1971, Amin anampindua Rais Obote wa Uganda wakati Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, na Mwalimu anakataa kuutambua ule utawala wa kijeshi na Obote anapewa hifadhi Tanzania. Mwezi uliofuata TANU, chama tawala, ikatoa Mwongozo, waraka wake wa siasa, na mle ndani ndo kukawa na suala la wananchi wenyewe kufundishwa ulinzi, mgambo wakaanza kufanya mazoezi kwa wingi vijijini. Kwa hiyo anasema msije mkadhani watu waliokotwa tu barabarani mwaka 1978, watu walikuwa wameshakimbia mchakamchaka miaka saba wakiwa hawajui wanakimbilia nini.

Hapo akatoa kwenye gari kitu kimefungwa kwenye khanga. Bunduki ya mti. Ndo aliyofundishiwa kijijini kwao akiwa kijana, kachonga mwenyewe, ina kamba ya katani ya kuning'iniza begani, na sehemu ya kitako na ile ya kushikia mbele zimekuwa nyeusi zinang'aa kabisa kwa jasho na mafuta ya mikono. Alitupa tuishike kila mtu. Mi nilipoishika kidole chenyewe kikaenda mahali pa kufyatulia na kulikuwa na kijishimo pale mti umelika, yani vidole vya kijana wa miaka kumi na tisa vimelalia hapohapo siku nenda rudi mpaka mti ukakubali. Akasema siku ya kwanza kupewa bunduki ya kweli, SAR, alishtuka kwanza uzito wake, pili ubaridi wa chuma, akajua sasa hii sio mchezo. Nimetembelea makumbusho kadhaa yana vitu vya maana kwenye vioo, lakini hicho kipande cha mti kwangu kimezidi vyote.

Idadi alizotupa za jeshi ni kwamba kabla ya vita halikuwa limefika watu 40,000, na ndani ya muda mfupi likapita 100,000 kwa kuchanganya mgambo, JKT, polisi na magereza. Sokoine ndo alikuwa Waziri Mkuu na ndo aliyepewa kazi ya kuiweka nchi yote kwenye hali ya vita, wakuu wa mikoa wakaambiwa kila mmoja atoe watu na vitu alivyonavyo. Mabasi, malori, magari ya mashirika na ya watu binafsi. Kwao mzee walitoa ng'ombe na mikungu ya ndizi na kina mama walikuwa wanachoma mihogo usiku kucha, ameshuhudia mwenyewe mama yake anatoa jogoo aliyekuwa anamtunzia mgeni. Ile hotuba ya tarehe 2 Novemba kila mtu anaijua, uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo, lakini mzee anasema yeye aliisikia redioni wakiwa watu kama thelathini wamezunguka redio moja ya mwenyekiti wa kijiji na hakuna aliyeshangilia. Walikaa kimya, afu mmoja akauliza, sasa tunajiandikisha wapi. Mi nilisisimka mwili.

Tukapanda kanisani. Kanisa lilipigwa kwa mabomu ya majeshi ya Amin na limeachwa magofu mpaka leo, paa hakuna, majani yameota ndani, kuta zimesimama na matundu yake. Ukikaa kule juu unaona mto Kagera unavyopinda na unaelewa kwa macho tu kwa nini waligombania hapa. Hapo mzee haongei sana, anakuacha uzunguke. Nilipenda hivyo, waongozaji wengi hawajui kunyamaza.

Darajani akaendelea. Mwisho wa Oktoba 1978 wanajeshi wa Amin walivuka, tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto, kama kilomita za mraba 1,800, ni la Uganda, na tarehe 3 wakalilipua daraja. Watu takriban 1,500 waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Wanajeshi wetu wakaja kuweka daraja la muda kuvusha vifaa. Mzee alikuwa kwenye kundi la kubeba masanduku ya risasi, anaonyesha kwa mikono jinsi wawili wanavyoshika sanduku moja huku na huku na jinsi mikono inavyochanika kwenye vishikio, na mnatembea usiku bila tochi mnafuata mgongo wa aliye mbele. Yule mfanyabiashara wa mahindi akauliza mlikuwa mnaimba? Akasema usiku hapana, mchana ndio.

Chakula tulikula Kyaka kwa mama ntilie, ndizi na maharage na samaki, kitamu na kingi, sina la kusema hapo.

Sasa Mutukula ndo penye lawama yangu kubwa. Mji wa upande wa Uganda ulitekwa na JWTZ, jeshi la Tanzania, Januari 1979 na ulisawazishwa karibu wote, wanajeshi walikuwa wana hasira ya yaliyofanyika Kagera, na mzee halifichi hilo. Lakini habari ya Waganda wenyewe walioingia vitani kumng'oa Amin alitaka kuipitia kwa dakika tano tu, amechoka, jua kali, kijana wake ameshawasha gari. Na hiyo ndo habari ya watu waliokusanya watu na silaha kuipiga serikali ya kijeshi nchini kwao wenyewe, huwezi kuiacha. Nikamwambia mzee shikamoo tena, naomba tukae kidogo chini ya ule mti utueleze. Nashukuru alikubali, na akafunguka kuliko asubuhi.

Akaanza na 1972, ambayo wengi hatuijui. Wafuasi wa Obote waliokuwa kambini Handeni pamoja na kikundi cha Museveni, huyu aliyekuja kuwa rais wa Uganda, kama watu elfu moja na kitu, tarehe 17 Septemba waliingia Uganda kwa malori, wengine Masaka wengine Mbarara. Na kulikuwa na mpango wa ndege, DC-9 ya East African Airways ilichukuliwa Dar ipite Kilimanjaro kuchukua wapiganaji wakateremke Entebbe, ilipotua Kilimanjaro matairi yakapasuka, mpango ukafa hapohapo. Walioingia kwa malori walikuwa wanategemea wakifika tu wananchi watainuka, wananchi hawakuinuka, wakapigwa vibaya. Amin akarusha ndege akapiga mabomu Bukoba na Mwanza, na ndani ya Uganda akaanza kukamata watu, siku chache tu baadae Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka akachukuliwa na hakurudi. Mzee akasema kitu ambacho nimekiandika kwenye simu palepale, kwamba wale vijana walikuwa na bunduki na walikuwa na hasira lakini hakuna aliyekuwa amekwenda kule mapema kuongea na watu wa Masaka wakajua nani anakuja na anakuja kufanya nini.

Yule mama wa Masaka hapo ndo akaongea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akasema mama yake alimwambia waliwakuta vijana wamekufa barabarani na hakuna mtu kijijini aliyejua walikuwa wa upande gani. Gari zima, samahani, chini ya mti wote tulinyamaza.

Waliobaki walirudishwa Tanzania, wengine wakakaa Tabora wanalima tumbaku miaka sita, hebu fikiria, mwanajeshi anapalilia tumbaku anasubiri redio iseme neno. 1978 ilipofika wakaitwa. Wa Obote wakawa Kikosi Maalum chini ya Tito Okello na David Oyite Ojok, Museveni akawa na kikundi chake, FRONASA, kilichoanza na watu wachache sana kikaongezeka kila walipopita upande wa magharibi kutokea Mbarara, vijana wanajiunga njiani. Silaha walipewa na Tanzania. Rais Samora Machel naye akaleta batalioni ya Msumbiji, watu kama 800. Upande wa pili Gaddafi akamletea Amin maelfu ya wanajeshi wa Libya, na pale Lukaya, kati ya Masaka na Kampala, tarehe 10 na 11 Machi 1979 ndo ikawa kazi kubwa. Wiki mbili baadae, tarehe 24 mpaka 26 Machi, Waganda wa vikundi zaidi ya ishirini wakakutana Moshi wakaunda UNLF, umoja wao wa kumng'oa Amin, na Yusuf Lule akawa mwenyekiti. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili.

Mama wa Masaka akauliza, na mji wetu je? Maana Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari na ilipigwa sana kwa mizinga na yale makombora ambayo Waganda waliyaita Saba Saba, sehemu kubwa ya mji ikaharibika. Akasema nyumbani kwao walikuwa wanawaita wanajeshi wa Tanzania bakombozi, yani wakombozi, na waliwapokea kwa vigelegele, lakini paa la nyumba ya bibi yake liliondoka na Saba Saba na halikurudi mpaka bibi anakufa. Mzee alivua kofia. Akasema "pole mama, mimi nilikuwa nabeba masanduku yale." Hakujitetea hata kidogo. Nilikuwa nimekaa karibu yao nikaona mama anamshika mkono, wakakaa hivyo kidogo, afu mzee akaendelea.

Na akamalizia upande ambao hausimuliwi kwenye sherehe. Vile vikundi vilikuwa vimeungana kwa sababu ya Amin tu. Lule alikaa kwenye urais siku 68 akaondolewa, akaja Binaisa naye akaondolewa Mei 1980, Desemba uchaguzi wenye malalamiko, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni akapigana na walewale wa Kikosi Maalum aliokuwa nao upande mmoja miaka miwili nyuma. Silaha zilizogawiwa hazikurudi stoo. Mzee aliongea haya kwa uchungu kabisa, anasema alipokuwa anarudi nyumbani 1979 alidhani kazi imeisha, anashangaa 1981 anasikia redioni majina yaleyale.

Kwa maoni yangu sehemu hii ilitakiwa ianze asubuhi watu wakiwa na akili, na iwe nusu ya safari. Nilimwambia, akasema wageni wengi wanataka kupiga picha kanisani na mpakani na kurudi. Sawa, lakini sisi sita wote tulisema tungekaa mpaka giza.

Mengine ya kurekebisha. Tuliambiwa saa moja kamili, tumeondoka saa mbili na nusu kasoro, mtu aliyekuja mapema unakaa barabarani huna hata pa kukaa. Gari halina kiyoyozi na siti ya nyuma magoti yanagusa kidevu, ukiwa mrefu omba siti ya kati mapema. Njia ya kupanda kanisani ina mawe yanayotembea, mtu mzima aje na fimbo na viatu vya maana, sio ndala. Malipo ni kwa simu na jina linalotokea sio lake ni la mtoto wake, mi nilisita nikapiga simu kwanza, angewaambia watu mapema tu wasipate wasiwasi.

Na kitu kingine cha kweli kabisa, mzee pale alipokuwepo mwenyewe mwamini asilimia mia, Kyaka, darajani, kubeba risasi, redio ya mwenyekiti. Lakini akifika sehemu ambazo hakuwepo, kama Lukaya, anaanza kutaja maiti za adui mia ngapi na vifaru vingapi na namba zinapanda kila akirudia. Nilimuuliza ulikuwepo Lukaya? Akasema hapana nilikuwa nyuma na wagonjwa. Nikamwambia mzee wangu hayo ya nyuma na wagonjwa ndo tunayoyataka, akatabasamu, na tukiwa tunarudi kwenye gari akatusimulia, jinsi walivyokuwa wanachana mashuka ya shule moja ya bweni kufunga vidonda na kuyafua na kuyafunga tena. Yule nesi alimuuliza maswali mpaka Bukoba.

Sikupata muda wa kwenda Kaboya kule Muleba walikozikwa mashujaa zaidi ya 600, hiyo ni safari ya siku nyingine na anaifanya pia kwa bei nyingine, sijaijua.

Nampa nyota nne kati ya tano, ya tano nimeishikilia kwa ajili ya muda wa kuondoka na kwa ajili ya Mutukula kuharakishwa. Kwa anayefundisha historia, peleka wanafunzi wako, lakini ongea naye kabla mkubaliane asubuhi aanze na 1972. Kwa mwenye mzee nyumbani aliyekuwa mgambo au dereva au utingo, nenda naye kama bado ana nguvu. Mzee anawajua wengi na ana daftari anaandika majina ya waliopita na ndugu zao, mkoa gani, walibeba nini. La baba mkubwa nimeliandika mimi mwenyewe, na kwenye "alibeba nini" nikaandika watu.

Desemba narudi na mama mkubwa, mjane wake. Nimeshamwambia mzee, akasema siti ya mbele ni yake na siku hiyo tutaondoka saa moja.